Asali, Kisha Nyama

Kama unamuuguza fereti, yule mnyama mdogo mrefu wa jamii ya kicheche anayefugwa Ulaya, weka asali karibu lakini usiitegemee. Mimi niliitegemea, nikakaribia kumpoteza mnyama.

Kwetu Muheza mnyama wa ukoo huu tuliyemjua ni kicheche, na tulimjua kwa uvundo wake na kwa kuku waliotoweka. Sikuwaza kwamba siku moja nitamlisha jamaa yake kwa mkono wangu. Huku Yorkshire, Uingereza, fereti wamefugwa tangu zamani kwa kazi ya kuwafurusha sungura mashimoni, na siku hizi wengi wanafugwa nyumbani kama paka. Wakiugua, au wenyewe wakiwachoka, huishia kwenye makao ya wanyama kama haya ninapojitolea.

Pickle aliletwa akiwa na miaka sita. Miguu ya nyuma ilikuwa imelegea. Alitembea hatua tatu, akasimama akiukodolea macho ukuta, kisha akaanza kujikwaruza mdomo huku mate yakimdondoka. Nilidhani amekwamwa na mfupa. Kumbe sukari ya damu ilikuwa imeshuka: daktari alipompima alikuta milimoli 2.6 kwa lita, wakati fereti mwenye afya huwa na 5 hadi 7 hivi. Alikuwa na uvimbe kwenye kongosho, unaomwaga insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, bila kipimo. Ugonjwa huu huwapata sana fereti waliovuka miaka mitatu, kwa hiyo ukiona dalili hizo usingoje kesho.

Daktari alimwandikia prednisoloni, dawa inayosaidia kupandisha sukari ya damu, asubuhi na jioni. Mimi nikaachiwa chakula, na hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa nimeambiwa asali humwamsha, basi kila alipolegea nikampaka. Anaamka, nafurahi, muda si mrefu anaanguka vibaya kuliko mwanzo. Sikujua kwamba sukari ya ghafla huuchokoza ule uvimbe ukamwaga insulini zaidi, na sukari ikashuka tena.

Sasa nafanya hivi. Akizimia au akitetemeka, napaka asali kidogo sana kwenye ufizi kwa kijiti cha pamba, si kwa kidole, maana akikaza meno atakung'ata bila kujijua. Simmiminii kitu mdomoni akiwa hajitambui, kitaingia mapafuni. Akishainua kichwa na kuweza kumeza, nampa nyama papo hapo: kuku aliyesagwa laini, vuguvugu, kwa kijiko au kwa sirinji isiyo na sindano, kidogo kidogo pembeni mwa mdomo. Nyama ndiyo inayomshikilia. Kisha nampigia daktari, hata kama ameamka.

Chakula hupita tumboni mwa fereti kwa saa tatu au nne tu, kwa hiyo mgonjwa wa namna hii hawezi kulala na njaa usiku kucha. Tuligawana zamu, ya saa nane usiku ilikuwa yangu. Mwamshe taratibu, maana fereti hulala usingizi mzito kiasi kwamba unaweza kumdhania amekufa. Matunda, zabibu kavu, mkate na maziwa visimfikie kabisa, hata kama anavililia. Na tafadhali, dawa zako za maumivu usimpe: paracetamol na ibuprofen humuua.

Mpime uzito kila siku kwa mizani ya jikoni, saa ileile, uandike. Manyoya huficha kukonda. Pickle alipoteza gramu 70 mbele ya macho yangu na mimi nasema anaendelea vizuri. Daftari ndilo lililomfanya daktari aongeze dozi mapema.

Jambo moja watu hulipuuza: fereti huambukizwa mafua ya binadamu. Mwaka 1933 watafiti wa London walivigundua virusi vya mafua ya binadamu kwa kuwaambukiza fereti. Ukiwa na homa na chafya, mwombe mwenzako akushikie zamu. Niliwahi kukaa nyumbani siku tisa, nikiuliza kwa simu kila jioni amekula gramu ngapi.

Pickle aliishi miezi kumi na mmoja baada ya siku ile ya kwanza. Mwishoni alikuwa anaanguka hata baada ya kula, dozi ikiwa imefika juu kabisa, na daktari akatuambia ukweli wake. Nilimshika mimi. Alikuwa amekula kuku wake saa moja kabla.