Kabla ya kushusha injini: kusoma moshi wa gari la zamani na kujua oili inakwenda wapi

Gari la zamani likianza kula oili, ushauri wa kwanza ambao mwenye gari hupewa gereji mara nyingi ndio ushauri wa gharama kubwa kuliko yote, yaani kushusha injini na kuifanyia ovaholi (kuifungua yote na kubadilisha vilivyochoka). Nimeendesha magari ya zamani kwa muda mrefu, hasa kati ya Dar es Salaam na mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, na msimamo wangu ni kwamba injini haipaswi kufunguliwa kabla mwenye gari hajajua kwa kipimo oili inapungua kiasi gani, na kabla hajajua moshi unatoka wakati gani wa safari. Rangi ya moshi watu wengi wanaifahamu. Wakati unapotoka ndio ambao wengi hawauangalii, na mara nyingi jibu limo humo.

Kipimo ndicho cha kwanza. Kumwambia fundi kwamba gari linakula oili ni kumwachia nafasi ya kukisia, na gharama ya kukisia utailipa wewe. Egesha gari mahali tambarare, zima injini, subiri kama dakika 10 ili oili ishuke kwenye sampu, yaani bakuli la chini ya injini, chomoa stiki ya kupimia oili, ifute kwa kitambaa safi, irudishe hadi mwisho kisha ichomoe tena uisome. Ongeza oili hadi ifike alama ya juu, na uandike kilomita zilizopo kwenye dashibodi. Ukishatembea kilomita 1,000, rudi mahali pale pale, pima tena, na uongeze oili kwa chombo chenye vipimo hadi alama ileile ya juu; kiasi ulichoongeza ndicho kilicholiwa. Baadhi ya vitabu vya watengenezaji husema kwamba hadi lita 1 kwa kilomita 1,000 inavumilika. Binafsi naona kiwango hicho ni kikubwa mno kwa gari la familia, lakini ni vizuri kukijua, kwa sababu gari linalopunguza robo lita kwa umbali huo halina ugonjwa wa kushushiwa injini.

Hatari iliyopo hapa ni ya hesabu. Injini inayobeba lita 3.7 za oili, ikila lita 1 kila kilomita 1,000, itakuwa imebakiwa na chini ya lita 1 baada ya kilomita 3,000, na mwenye gari aliyezoea kumwaga oili kila kilomita 5,000 hatafika huko salama. Wala asiitegemee taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi, kwa sababu katika magari mengi taa hiyo huonyesha kwamba presha imeshuka, haionyeshi kwamba kiwango kimepungua. Inapowaka, mara nyingi beringi za krankshafti (mhimili mkuu wa injini) zimeshaanza kusuguana zikiwa kavu. Nimeona injini nzuri zikifa kwa namna hii, ugonjwa wake wa asili ukiwa mdogo tu, na jambo hili hunisikitisha kila mara kwa sababu kopo moja la oili kwenye buti lingetosha kuziokoa.

Kabla ya kuilaumu injini kwa ndani, ichunguze kwa nje. Gasketi ya kava ya valvu, sili za mbele na nyuma za krankshafti, swichi ya presha ya oili na mpira wa filta ni sehemu zinazovuja taratibu, na oili inayodondokea bomba la ekzosi lenye moto huungua na kutoa harufu ambayo dereva hudhani inatoka ndani ya injini. Tandika kadibodi chini ya gari usiku kucha, na asubuhi chomoa plagi. Plagi yenye oili juu, kwenye kauri na nyuzi zake, huku ncha yake ikiwa kavu na ya rangi ya udongo, inakuambia kwamba oili imetoka kwenye kava ya valvu na kujaa katika tundu la plagi. Iliyolowa oili au kuota ukoko mweusi mgumu kwenye ncha yenyewe inakuambia kwamba oili inafika mahali panapowaka moto. Panga plagi zote kwa kufuata namba za silinda, kwa sababu mara nyingi silinda moja tu ndiyo yenye tatizo.

Kuna kifaa kimoja kidogo ambacho sielewi kwa nini hurukwa mara nyingi, nacho ni valvu ya kupumulia injini, ambayo mafundi huiita PCV. Kazi yake ni kuzichukua hewa zinazopenya kwenye ringi za pistoni (vyuma vya duara vinavyoizunguka pistoni) na kuzirudisha kwenye njia ya hewa ili ziungue. Ikiziba, presha hujengeka ndani ya injini na kusukuma oili nje kupitia sili. Ikikwama wazi, injini huvuta mvuke wa oili kupita kiasi na kuuchoma. Ichomoe uitikise karibu na sikio: iliyo nzima hulia kwa kugongagonga ndani, na iliyoganda kwa tope la oili iko kimya. Bei yake ni ndogo kiasi kwamba, kwa gari ambalo historia yake haijulikani, mimi huinunua mpya bila kusubiri dalili.

Baada ya hapo ndipo moshi wa bluu unapoweza kusomwa kwa utulivu. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na hilo halina ubishi. Swali ni imepita wapi. Ikiwa gari likiwashwa asubuhi hutoa wingu la bluu kisha likasafika baada ya dakika chache, mshukiwa wa kwanza ni sili za valvu. Mpira wa sili hizo ukiiva kwa joto la miaka mingi huwa mgumu kama plastiki, na oili iliyobaki juu kwenye silinda hedi (kichwa cha injini) huteremka usiku kupitia miguu ya valvu hadi ndani ya silinda. Sili hizo hizo hujitokeza tena kwenye mteremko mrefu. Dereva anapoachia pedali na kuacha gia imshikie gari, njia ya hewa hufungwa, injini huvuta kwa nguvu, na oili hunyonywa kupitia valvu za kuingiza hewa. Anapokanyaga mafuta tena, yote iliyokusanyika huungua kwa mara moja.

Nilitambua ugonjwa wa gari langu mwenyewe kwa njia hiyo. Fundi mmoja alikuwa ameshaniambia kwamba ringi zimekwisha na injini ishuke. Tulipokuwa tunateremka Kitonga tukitoka Iringa, ndugu yangu aliyekuwa nyuma na gari lake alinieleza, tulipopumzika Ruaha Mbuyuni, kwamba mteremko wote hakuona kitu, ila kila nilipokanyaga mafuta baada ya kona ndefu gari lilitoa moshi wa bluu mara moja kisha likanyamaza. Nikiunganisha hilo na wingu la asubuhi, nilikataa ovaholi nikaomba sili za valvu zibadilishwe. Kazi hiyo, katika injini nyingi, haihitaji hata kufungua silinda hedi: fundi huingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, au hujaza kamba laini ya pamba ndani ya silinda na kuipandisha pistoni taratibu, ili valvu zisidondoke wakati springi zinatolewa. Sharti niongeze kwamba mteremko peke yake hautoshi kuhukumu, kwa sababu ringi zilizochoka nazo huweza kupitisha oili injini inapovuta hivyo. Dalili mbili pamoja ndizo zilizonipa uhakika.

Ringi zenyewe kwa kawaida hujulikana kwa moshi unaozidi gari linapobeba mzigo au kupanda mlima, iwe asubuhi au mchana, injini ikiwa baridi au moto. Fundi makini atapima kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa, ya kila silinda, kisha atamimina kijiko kimoja cha oili katika silinda yenye presha ndogo na kupima tena: presha ikipanda, ringi ndizo zinazovujisha, isipopanda, tazama valvu au gasketi ya silinda hedi. Katika injini ya Toyota ya 1ZZ-FE, kwa mfano, presha haitakiwi kushuka chini ya takribani psi 145, na tofauti kati ya silinda haitakiwi kuzidi takribani psi 15.

Hata hivyo kipimo hiki kina mpaka wake, na hapa ndipo wengi hupotezwa. Kila pistoni ina ringi mbili za juu zinazoshika presha na ringi ya tatu inayokwangua oili. Ringi ya tatu ikiganda kwa masizi, oili itapanda na kuungua ilhali kompresheni inasoma vizuri kabisa. Injini za 1ZZ-FE zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2005 hivi zinajulikana kwa jambo hili, kwa kuwa matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni zake yalikuwa madogo na machache, yakazibika. Injini hiyo imo katika Allion na Premio za sisi 1,800, Wish, na RAV4 ndogo za kizazi cha pili, magari ambayo yamejaa barabarani kwetu. Ukinunua injini ya mtumba ya aina hiyo Ilala au Gerezani bila kujua mwaka wake, unaweza kulipia ugonjwa uleule kwa mara ya pili.

Tena gari la namna hiyo linaweza kula oili bila kuonyesha moshi wowote, maana masega (kifaa cha kusafisha moshi) yaliyomo kwenye ekzosi huunguza mabaki ya oili kabla hayajatoka. Wapo wanaoyatoa masega na kuyauza, kisha wakashangaa moshi umeanza siku hiyo hiyo. Moshi ulikuwapo tangu zamani, ulikuwa ukifichwa. Ndiyo maana nasisitiza stiki kuliko macho.

Moshi mweupe hutia watu hofu pasipo sababu, hasa wenyeji wa Pwani wanaofika Njombe au Makambako mwezi wa sita na wa saba. Kila lita ya petroli inayoungua huzaa takribani lita 1 ya maji, na mvuke wake huonekana kwenye hewa ya baridi hadi ekzosi ipate moto. Wa kuogopwa ni ule mweupe mzito unaoendelea hata gari likishapata moto, wenye harufu tamutamu ya kulanti (maji ya dawa ya kupoza injini), huku maji ya rejeta yakipungua bila kuvuja popote na oili kwenye stiki ikifanana na chai ya maziwa. Hapo gasketi ya silinda hedi imekwenda, na gari lisiendeshwe hata hadi gereji ya jirani. Utando mweupe chini ya kifuniko cha oili pekee, kwa gari la safari fupifupi, huwa ni unyevu tu. Moshi mweusi hauhusiani na oili. Ni petroli nyingi kuliko hewa, kwa hiyo anza na chujio la hewa, kisha sensa ya hewa, sensa ya oksijeni na nozeli.

Kuhusu tiba, sikubaliani na desturi ya kuweka oili nzito ya 20W-50 katika injini iliyoundwa kutumia 5W-30 ili kupunguza moshi. Injini zenye VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadilisha wakati wa valvu kufunguka, hutumia presha ya oili kurekebisha mkao wa kamshafti (mhimili unaofungua valvu), na oili nzito huchelewa kufika juu asubuhi. Kupanda hadi 10W-40 katika joto la Dar es Salaam, mahali ambapo kitabu cha gari kinaruhusu, ni jambo la busara. Kwa ringi zilizoganda, inafaa kwanza kujaribu kumimina dawa ya kuyeyusha masizi kupitia matundu ya plagi na kuiacha ilale. Asubuhi plagi zikiwa bado nje, na umeme wa koili na nozeli ukiwa umechomolewa, stata hupigwa ili dawa itoke yote, kwa sababu kimiminika kilichobaki juu ya pistoni huweza kupinda koneksheni rodi (mkono unaounganisha pistoni na krankshafti) injini ikiwashwa. Oili humwagwa siku hiyo hiyo. Isiposaidia, ovaholi inakuwa na sababu, na iwe na pistoni zenye matundu yaliyoboreshwa pamoja na ringi mpya.

Anayekwenda kununua gari la zamani amwombe muuzaji asiliwashe kabla hajafika. Aguse boneti kuhakikisha ni la baridi, asome stiki, asimame nyuma ya ekzosi wakati mtu mwingine anawasha, aliache lingurume kama dakika 10, kisha aombe likanyagwe mafuta ghafla. Muuzaji akikutwa ameshalipasha moto, miadi ipangwe upya kwa asubuhi nyingine.