Mashabiki wetu wenyewe wanamzomea mwenzetu

SWALI: Habari yako, Mama. Mimi ni nahodha wa timu ya kriketi ya chuo kimoja hapa Kampala. Tuna mchezaji mmoja mwenye asili ya Kihindi. Babu yake alizaliwa Jinja, yeye mwenyewe kazaliwa hapa Kampala, na Kiganda anakijua kunishinda. Akidondosha mpira tu, mashabiki wa chuo chetu wanaanza: "Muyindi, ddayo ewammwe!" yaani, Mhindi, rudi kwenu! Arudi kwao wapi? Mechi iliyopita mmoja alimrushia chupa. Kocha anasema ni utani wa uwanjani. Sasa kijana haji mazoezini. Nimtetee vipi bila watu kusema ni kwa sababu baba yake ndiye anayetununulia mipira? — Nahodha, Kampala

JIBU: Mwanangu, nianze na kocha. Muulize mbona utani huo hausikiki siku kijana anapiga sita, mpira ukaruka mpaka wa uwanja bila kugusa chini. Siku hiyo ni "wetu", wanambeba mabegani. Akidondosha mpira anakuwa mgeni. Nimefundisha michezo shuleni miaka mingi, na watani niliowajua walikuwa wakijibizana. Huyu mmoja atawajibu vipi watu mia?

Hapo ndipo kazi yako ilipo. Januari 2021, India wakicheza Sydney, mchezaji wao Mohammed Siraj alitukanwa na watazamaji akiwa karibu na kamba ya mpaka wa uwanja. Nahodha wake, Ajinkya Rahane, hakumwambia avumilie. Walikwenda kwa waamuzi, mchezo ukasimama dakika kama 10, na watazamaji 6 wakatolewa jukwaani. Nawe kabla ya mechi ijayo kaa na waamuzi pamoja na nahodha wa upande wa pili, mwafikiane kwamba kelele hizo zikianza, mchezo unasimama. Kisha utembee wewe hadi kwenye kamba, mbele ya mashabiki wako. Watakuzomea na wewe. Sawa.

Kila chuo kina yule mpiga ngoma anayeongoza nyimbo. Mtafute huyo kwanza. Mwalike mazoezini, ashike kipigio, arushiwe mpira. (Nimeona wazomeaji wengi wakinyamaza baada ya kupigwa mpira wa kriketi mguuni.) Aliyerusha chupa ni suala jingine. Huyo muandikie barua mlezi wa wanafunzi, uweke tarehe na majina ya walioona, na utaje Ibara ya 21 ya Katiba, inayokataza mtu kubaguliwa kwa rangi au asili yake.

Hilo la mipira nalo usilipuuze. Maadamu baba ndiye mnunuzi, watasema mtoto kanunuliwa nafasi, na hata ninyi wachezaji mtamwogopa kidogo. Chuo kinunue mipira yake, au mchange. Mshukuruni mzee vizuri, kisha mjitegemee.

Atakuja mtu akuambie, "Lakini Wahindi wanatulipa vibaya madukani." Wapo wanaolipa vibaya, na mwenye malalamiko hayo ana haki ya kwenda kwa afisa wa kazi. Kijana wako hana duka. Ukimtoza mtu deni la asiyemjua, umeanza kufikiri kama Amin, aliyetangaza Agosti 1972 kwamba Waasia wamepewa siku 90 waondoke. Wengi waliokuwa na uraia wa Uganda nao walikataliwa karatasi zao. Mimi nilikuwa msichana wa shule Jinja. Wakubwa walisema sasa maduka ni yetu, na muda si mrefu tukawa tunapanga foleni ya sukari, katika mji uliozungukwa na miwa!

Na kama mashabiki wako wanaipenda kriketi kweli, wakumbushe Juni 2024, usiku wa manane huku kwetu, Uganda ikicheza na Papua New Guinea kule Guyana. Wapinzani waliishia mikimbio 77, na wapigaji wetu wakawa wanatolewa mmoja baada ya mwingine. Aliyesimama akapata mikimbio 33, akawa mchezaji bora wa mechi, ni Riazat Ali Shah, mzaliwa wa Pakistan. Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, alikuwa amerusha ova 4, yaani mipira 24, na kuwaachia wapinzani mikimbio 4 tu. Ndio ushindi wetu wa kwanza katika Kombe la Dunia. Usiku ule sikusikia mtu akimwambia Riazat arudi kwao.

Kwa kijana, nenda nyumbani kwao peke yako, usiende na timu nzima kama watu wa msiba. Usimbembeleze kwa "tunakuhitaji". Mweleze ulichokwisha kukubaliana na waamuzi, na barua uliyoandika. Akisema atapumzika hadi muhula ujao, mkubalie, na mpiga ngoma aje mazoezini vilevile.