Jibu: Somo la ndege mbua bila picha za ukutani

Mwalimu wa Muheza, umeuliza ufundisheje Darasa la Tano ndege wawindaji wakati huna hata chati. Tafuta madonge ya bundi. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika manyoya na mifupa yakiwa donge kavu, jeusi jeusi, lenye ukubwa wa kidole gumba. Angalia chini ya paa la ghala au magofu ya mashamba ya mkonge; popote palipo na mistari ya kinyesi cheupe ukutani.

Vaa glavu. Yafunge kwenye foili, yaoke kwa mkaa moto wa wastani kama dakika 40 kuua vijidudu. Darasani, loweka kwenye maji ya uvuguvugu, watoto wachambue kwa vijiti vya meno na kugandisha mifupa kwenye manila. Taya la panya utalijua kwa meno yake mawili ya mbele, ya rangi ya chungwa. Hapo hakuna atakayesinzia!

Ila waarifu wazazi mapema kupitia mwalimu mkuu, maana huku kwetu bundi ni habari ya uchawi. Akija mzazi analalamika, muulize panya wanamlia mahindi kiasi gani.