Wikendi Kwale: tafuta mwenyeji kabla ya kutafuta ndovu

Wikendi yangu ya kwanza nje ya kisiwa cha Mombasa ilipotea bure. Tulikuwa wanafunzi thelathini ndani ya basi moja, vituo sita kwa siku mbili, na kila tuliposhuka tulipewa dakika ishirini za kupiga picha. Jumapili usiku nikampigia mama simu Iringa. Akaniuliza watu wa huko wanakula nini, wanalima nini. Sikuwa na la kumjibu, na picha zilijaa kwenye simu.

Mara ya pili nilikwenda kwa nyanya, yaani bibi, wa rafiki yangu tunayesoma naye, kijiji kimoja mbele ya mji wa Kwale, njia ya Kinango. Tangu hapo nimerudi mara nne. Kwa hiyo wewe uliyetoka Tanzania, Uganda, Burundi au kwingineko kuja kusoma Mombasa, ukiniuliza uende wapi wikendi, nami nitakuuliza kwanza: unakwenda kwa nani?

Mwenyeji si vigumu kumpata. Darasani kwenu hapakosi Mdigo au Mduruma ambaye kwao ni Kwale na huenda kila baada ya wiki mbili tatu. Mwambie kwa uwazi kwamba ungependa kuwaona wazee wake na kusaidia kazi za nyumbani. Mpe nafasi ya kuwaarifu mapema, maana mgeni akitokea ghafla watu wa huko watakopa ili wamlishe. Na usiende mikono mitupu. Mimi hubeba sukari, majani ya chai, mafuta ya kupikia na leso moja, yaani khanga, ya nyanya. Leso ichague vizuri na usome jina lake, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla ya kulipa, kwa sababu nyanya atalisoma mbele ya majirani.

Safari yenyewe ni fupi. Vuka feri ya Likoni Jumamosi asubuhi na mapema. Kwa mtembea kwa miguu ni bure, ila begi lishike kifuani kwani watu ni wengi. Ng'ambo utapata matatu za Kwale. Zinafuata barabara ya Diani hadi Kombani, kisha zinakata kulia na kuanza kupanda. Hapo utasikia hewa inabadilika. Sisi tuliozoea baridi ya Iringa, joto la Mombasa linatuchosha, na kile kilima cha Kwale ni nafuu kubwa.

Ukifika, nenda jikoni. Wavulana, nanyi pia, hakuna atakayewacheka. Nyanya yule hakunipa kiti cha mgeni, alinipa mbuzi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma cha kukunia nazi, na kifuu cha nusu nazi. Nilikandamiza kwa nguvu nikidhani ndiyo bidii. Akanishika mkono. "Mwanangu, wewe usisukume, wewe zungusha." Akanionyesha: kifuu kinageuzwa kidogo kidogo, chuma kinakwaruza nyama nyeupe tu, na ukianza kuona vumbi la kahawia unaacha, la sivyo tui litakuwa jeusi na mboga itabeba ladha ya kifuu. Kisha maji ya uvuguvugu, kukamua, kuchuja kwa kifumbu. Tui zito likawekwa pembeni, tui jepesi likatangulia sufuriani na mchunga.

Mchunga ni mboga chungu, na uchungu wake ndio wanaoupenda. Huchemshwa, maji yakamwagwa, ukakamuliwa, ndipo ukatiwa tui. Tui zito huingia mwisho na moto unapunguzwa, huku mtu anakoroga bila kuacha lisije likakatika. Tulikula na sima na kipande cha papa mkavu aliyechomwa. Kwetu Iringa maharage hupikwa kwa maji na chumvi na tunayafurahia, lakini siku ile ndipo nilipoelewa kwa nini rafiki yangu hulalamikia chakula cha bweni.

Hapa niseme kuhusu maneno, kwa sababu sote tunaosema Kiswahili hudhani hatuhitaji kujifunza. Kwao ugali ni sima, na kwa Kidigo na Kiduruma ni wari. Ukisikia umepikiwa "wari" usingojee wali. Mama wa mama au wa baba ni nyanya. Na tafadhali sema ndovu. Sisi Watanzania humwita tembo, lakini Pwani tembo ni pombe ya mnazi inayogemwa na mgema. Mimi niliingia nyumba ya Waislamu watupu na kumwambia mzee kwamba nimekuja hasa kwa ajili ya tembo. Alinyamaza kwa muda, akamtazama mjukuu wake, ndipo mjukuu akaeleza. Mzee alinisamehe pale pale, ila ile dakika ya ukimya sitaki uipitie. Salamu nazo zichukulie kwa uzito. Piga hodi, ungoje ukaribishwe, uwaamkie wakubwa mmoja mmoja, na usiwe na haraka ya kufika kwenye habari yako.

Ndovu wenyewe niliwajua usiku, kwa masikio. Yapata saa nane nikaamshwa na kelele za madebe, na sauti za watu wakiitana kutoka dungu hadi dungu. Dungu ni kile kichanja kirefu shambani ambacho mlinzi hukaa juu yake mahindi yanapokaribia kukomaa. Tulikatazwa kutoka nje. Asubuhi mjomba wa rafiki yangu akatupeleka shambani kwake. Alama ya mguu ilikuwa pana kama sinia, na ndani yake maji ya umande yalikuwa yameanza kujikusanya. Mistari minne ya mahindi ilikuwa imelala. Mihogo iling'olewa na mizizi yake, mingine ikatafunwa na kutemwa. Mjomba aliinama, akaokota gunzi moja ambalo halijakauka, akalitazama, akalitia mfukoni. Hakusema kitu.

Nimeona ndovu wengi katika Hifadhi ya Ruaha kwetu Tanzania, nikiwa ndani ya gari, na siku zote nilikuwa upande wao. Bado nawapenda. Lakini sasa mtu akizungumzia kuwahifadhi, namwona kwanza mjomba yule na gunzi lake. Jirani na hapo kuna Hifadhi ya Ndovu ya Mwaluganje. Ilianzishwa 1995 na wenye mashamba wenyewe, ambao waliunganisha ardhi zao ili ndovu wabaki na njia kati ya Hifadhi ya Shimba Hills na msitu wa Mwaluganje, nao wakawa wanagawana mapato ya wageni. Huko pia hutengenezwa karatasi kwa kinyesi cha ndovu. Msongamano wa ndovu ulikuwa mkubwa kiasi kwamba 2005 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, iliwahamisha wengine kwa malori hadi Tsavo East. Mambo haya utayaelewa zaidi ukitembea kwenye shamba lililokanyagwa kuliko ukiyasoma langoni.

Jumapili ndiyo siku ya kuingia Hifadhi ya Shimba Hills. Bodaboda itakufikisha langoni tu; ndani lazima gari, kwa hiyo jikusanyeni wanne au watano mkodishe moja mjini Kwale. Malipo hufanywa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali ya Kenya, si fedha taslimu. Viwango hubadilika, basi angalia kabla ya kuondoka, na beba pasipoti na kitambulisho cha chuo, kwani raia wa Afrika Mashariki na wanafunzi wana viwango vyao.

Tafuta palahala, aina ya swala mkubwa. Huku kwetu Tanzania tunao sehemu nyingi, lakini Kenya nzima kundi lao liko hapa Shimba tu. Dume ni mweusi anayeng'aa, tumbo jeupe, pembe zimepinda nyuma kama jambia. Tulimkuta mmoja kwenye nyasi mbichi, ukungu haujapanda, jike watatu wa kahawia nyuma yake. Dereva akazima gari bila kuambiwa. Kisha kuna matembezi ya kama kilomita mbili na askari wa KWS hadi maporomoko ya Sheldrick, yenye urefu wa zaidi ya mita 20. Kushuka ni rahisi, kurudi ni mlima, beba maji ya kutosha.

Usivae nyeusi wala buluu iliyokolea, mbung'o wanaifuata rangi hiyo. Na mbu ndio jambo ninalokuomba usilipuuze. Mimi nilikulia nyanda za juu ambako malaria si tishio la kila siku. Usiku wa kwanza nilikaa uani hadi saa tano na shati la mikono mifupi, nikaona haya kuomba neti. Siku ya kumi na moja nikiwa chuoni nikashikwa na homa na kutetemeka, nikadhani ni uchovu wa mitihani, nikapoteza siku mbili kabla ya kupima. Omba neti bila haya, au beba yako. Ukipata homa ndani ya wiki chache baada ya safari, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo.

Utatamani kuongeza Kaya Kinondo kule Diani katika wikendi hiyo hiyo. Usifanye hivyo. Misitu ya kaya za Mijikenda, makabila tisa ya Pwani wakiwemo Wadigo na Waduruma, iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, na kwa wenyewe ni mahali pa dua na mababu. Kinondo utafungwa kaniki nyeusi kiunoni, utavua kofia, na hutatoka na hata jani. Mahali pa namna hiyo hapafai kupitiwa mbio mbio ukiwahi feri. Patengee Jumamosi yake.

Kurudi, ondoka Kwale kabla ya saa tisa alasiri. Jumapili jioni foleni ya Likoni huwa ndefu na nauli hupanda. Nyanya hatakuacha uende hivi hivi. Mimi alinifungia maembe na nazi mbili katika kikapu cha ukindu. Kikapu kile ni cha kurudishwa, na hakirudishwi kitupu. Likizo ilipokwisha nilikijaza majani ya chai ya Mufindi niliyotoka nayo nyumbani. Aliinjika sufuria kabla sijakaa, akanusa majani kiganjani, akauliza huko kwetu kuna baridi kiasi gani.