Barua kwa mwanangu: Okonkwo na masale ya babu yako

Old Moshi, Jumapili jioni

Marahaba, mwanangu. Ujumbe wako niliusoma ndani ya daladala nikitoka Moshi mjini, nikapitiliza kituo. Umemaliza Shujaa Okonkwo, ile riwaya ya Chinua Achebe ya 1958 niliyokuazima, na unauliza: kama Okonkwo aliipenda mila kiasi kile, mbona alijinyonga, kifo ambacho mila yenyewe inakiona uchafu hata ndugu zake wasiweze kumgusa?

Unauliza hivyo kwa sababu unaamini Okonkwo ndiye mila. Mimi siamini. Hesabu makosa yake kabla mzungu hajatia mguu kwao Umuofia. Wiki ya Amani, ambayo ugomvi ni mwiko, anampiga mkewe. Mzee Ezeudu anamwonya asitie mkono katika kifo cha Ikemefuna, mtoto wa mateka aliyelelewa kwake na anayemwita baba. Yeye anamkata kwa panga, akiogopa kuonekana legelege. Maisha yake yote anamkimbia Unoka, baba yake, mpiga filimbi mwenye madeni. Mila ilikuwa uwanja wake wa kukimbilia tu.

Sasa rudi pale Ezeudu anaposimulia ya zamani. Aliyevunja Wiki ya Amani aliburutwa kijijini mpaka afe. Wakaja kuacha, maana adhabu ile iliharibu amani ile ile waliyotaka kuilinda. Hapo hakuna mmisionari wala mkuu wa wilaya, waliona wenyewe. Obierika naye, rafiki wa Okonkwo, anawawaza mapacha wa mkewe aliowatupa kama mila ilivyotaka: walikosa nini? Swali lile lilikuwa linaiva polepole. Mkoloni hakusubiri, akaja na mahakama na jela. Na waliotangulia kanisani ni kina nani? Osu waliotengwa. Nneka, aliyezaa mapacha mara nne, na mara zote wakatupwa. Nwoye, mwana wa Okonkwo, ambaye Ikemefuna hakumtoka moyoni. Walishasukumwa mpaka mlangoni na watu wao.

Umesema Okonkwo anakukumbusha Mangi Meli, mtawala wetu Wachagga wa zamani. Hapana, mama. Meli alinyongwa na Wajerumani hapa hapa kwetu, 2 Machi 1900, na kichwa chake kinatafutwa mpaka leo. Yule alinyongwa, huyu alijinyonga. Usiwaweke kapu moja.

Nikusimulie kitu ambacho sijawahi kukwambia. Nilipoanza kupata mshahara nilitaka ukuta wa tofali kuzunguka kihamba, shamba letu la nyumbani, kama wa watu wa mjini. Nikafyeka masale, ile mimea yetu ya kuonyesha mpaka, ya upande wa juu, kwenye mfongo, mfereji wa maji. Babu yako, mzee wa kanisa, Mlutheri wa kuamka alfajiri, alinikuta na panga mkononi. Akageuka, akaenda kuwapa ng'ombe majani. Siku ya tatu jirani akaja: mpaka uko wapi? Hati hatukuwa nayo, masale ndiyo yalikuwa hati, na fundi alishachimba msingi hatua mbili ndani ya kwake.

Nilikwenda kuomba radhi na jani la isale lililopigwa fundo, na ndoo ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Yule mzee alinitazama mpaka mkono wangu ukaanza kutetemeka, ndipo akalipokea. Kwa isale mtu hakatai, hata kama roho inamuuma. Niliporudi babu yako akasema, "Ungeniuliza, ningekuonyesha pa kuyahamishia." Kumbe yalikuwa yanahamishika! Yeye mwenyewe aliwahi kuyahamisha, mwaka mfongo ulipobadilisha njia, akakaa kwanza na majirani wakanywa, wakakubaliana.

Okonkwo hakuwa na mtu wa kukaa naye hivyo, au tuseme alikuwa naye Obierika na hakumsikiliza. Soma tena siku anapomkata tarishi wa serikali. Watu wanaulizana kwa nini amefanya vile. Anafuta panga mchangani, anaondoka. Nadhani alikufa pale, ile kamba ilikuja baadaye. Mzungu alimchukia, sawa, lakini kilichommaliza ni kusikia Umuofia yake ikimshangaa.

Habari za Nwoye tutazungumza ukipanda Desemba, maana mama yako ana maneno yake kuhusu yule kijana, na hatukubaliani. Kitabu urudi nacho. Na ukiingia getini angalia kulia: katika yale tuliyopanda upya isale moja limekauka, nami mgongo haunipi. Utalipanda wewe. Jirani nimeshamwambia.

Baba yako