Maafisa usalama wapya, sifuri ya kipima gesi isiwadanganye

Kila matengenezo makubwa huja na kundi jipya la maafisa usalama, helmeti zinang'aa, na kosa ni lile lile: kibali cha kuingia tangini kinajazwa mezani, vipimo vimenakiliwa kutoka kibali cha jana. Haya, wadogo zetu, sikilizeni.

1. Washeni kipima gesi nje, penye hewa safi. Ukikiwekea sifuri mlangoni mwa tangi, hewa chafu ndiyo inayohesabiwa kuwa safi, na kutwa nzima kitakupunja. Kisha kijaribu kila siku kabla ya kazi kwa gesi ya majaribio ya chupa, ile ambayo kiwango chake kinajulikana. Sensa ya gesi zinazowaka huuawa na silikoni, hata ile ya kwenye kopo la kupulizia, na sensa iliyokufa husoma sifuri bila kulalamika.

2. Oksijeni kwanza, halafu gesi zinazowaka, halafu zenye sumu. Mpangilio huu mnaukariri kwa ajili ya mtihani, tangini mnausahau. Chukua tangi la mafuta lililopuliziwa nitrojeni ili kufukuza oksijeni. Kijana anashusha mpira wa kipima gesi, anaona LEL (kipimo cha gesi zinazowaka kuelekea kiwango cha kulipuka) ni 0, anaandika sifuri, anasaini, anamwinulia fundi dole gumba. Oksijeni imesoma asilimia 3 kwenye kioo kile kile, hakuitazama. Sensa ya LEL ya kawaida hupima kwa kuunguza gesi juu ya kishanga chenye joto. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 10 hivi, haina cha kuunguzia, usiiamini. Mvuke wa mafuta umo humo humo.

Fundi akiingia, anaanguka baada ya pumzi chache. Asipoingia, kuna balaa jingine: wanafungua manholi ya pili, wanawasha feni, hewa inaingia, na mchanganyiko unapita katikati kabisa ya kiwango cha kulipuka wakati jirani anakata bolti kwa grinda. Gesi ikizidi sana nako ni vile vile: namba hupaa, kisha hushuka, na anayechungulia mwishoni hukuta sifuri. Wala msiilaumu nitrojeni peke yake. Tangi tupu la chuma likifungwa muda mrefu, kutu hula oksijeni yake.

Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Kibali husema 19.5 hadi 23.5, basi mtu akiona 20.2 anasaini huku anapiga mluzi. Hebu piga hesabu. Oksijeni ni kama sehemu moja ya tano ya hewa. Ikisukumwa nje kwa asilimia 0.7, kuna takriban asilimia 3.3 (0.7 gawa kwa 0.209) ya kitu kingine humo ndani. Hiyo ni ppm 33,000, yaani sehemu 33,000 katika kila milioni! Kitu gani? Usisaini hadi ukijue.

3. Pima juu, katikati na chini, kila mita 1.2 hivi. Methani hupanda, salfaidi ya haidrojeni hulala chini, na hii ya pili ikifika ppm 100 hivi huua uwezo wa kunusa, kwa hiyo pua yako iache nyumbani. Mpira mrefu unataka subira: hesabu sekunde kwa kila mita kama kitabu cha kifaa kinavyosema, kisha ongeza muda wa sensa yenyewe.

4. Mlinzi wa mlangoni haingii, hata aliye ndani akiwa kaka yake. NIOSH, taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, ilieleza mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika sehemu kama hizi walikuwa waokoaji. Winchi na kamba viwe vimefungwa tayari. Na tafadhali, mlinzi huyo msimtume kuleta spana!

5. Zima mtambo, funga kufuli kwenye swichi yake kuu, tundika lebo, kisha bonyeza swichi ya kuwashia ujaribu kama umezimika kweli. Valvu iliyofungwa si kutenga bomba. Weka blaindi (bamba la chuma la kuziba) kwenye flanji (kiungo cha bomba).

6. Kazi ya moto: ondoa vinavyowaka ndani ya mita 11, na mlinzi wa moto abaki saa nzima baada ya welda kuondoka.

7. Mkirudi kutoka kula, pimeni upya. Feni ilizimwa, tope la chini limekorogwa kwa makoleo na mvuke ulionaswa umetoka. Kipimo cha saa mbili asubuhi kisiandikwe kwenye safu ya saa nane mchana.