Mama mtoto amesamehe, mbona kesi haifutwi?

SWALI: Shikamoo babu. Mdogo wangu alimchukua mwanawe wa miaka 6 shuleni bila kumwambia mzazi mwenziwe, akakaa naye siku 4. Kashtakiwa kwa utekaji. Sasa wamepatana, lakini bado anaitwa mahakamani. Kwa nini?

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Nilikuwa karani wa mahakama, na hili ndilo swali nililoulizwa sana pale dirishani. Kesi ya jinai si mali ya mlalamikaji. Mama mtoto ni shahidi. Mwenye kesi ni dola, na wa kuiondoa ni mwendesha mashtaka. Msamaha husikilizwa, ila peke yake haufuti kitu.

Soma kwanza hati ya mashtaka. Kuteka na kumtorosha mtoto kwa mlezi wake halali ni makosa mawili tofauti katika sheria nyingi, na adhabu zake hupishana mno. Halafu, kulikuwa na amri ya malezi, yaani ya mahakama kusema mtoto akae na nani? Isipokuwepo, baba naye ana haki zake na shtaka huweza kulegea. Ikiwepo, msiniambie mtoto alifuata kwa hiari. Wa miaka 6 hana ridhaa!

Nyingi za namna hii nilizoandika ziliishia kwenye makubaliano: shtaka kubwa linaondolewa, anakiri dogo, anafungwa kifungo cha nje. Hakimu anaweza kuyakataa.

Asikiri chochote kabla ya kuonana na wakili. Na asimfundishe mama mtoto la kusema, hata kwa wema, maana huko ni kuingilia shahidi, na dhamana yake itaota mbawa.